Shangazi, Joto Limepanda Mpaka Pito

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko Mtowisa umepata pa kukaa penye kivuli. Huku juu Pito tu wazima, ila joto la bondeni limetufuata. Mbu wanalia chumbani kwa mama, na mwaka huu Juni imepita bila yeyote kuulizia blanketi la pili.

Unaikumbuka Juni yetu? Ulikuwa ukinifunga kanga mbili mgongoni, mimi nikinung'unika, tunakwenda kuvuna ulezi umande ukiuma vidole. Na mvua zilipokaribia kuisha ulinifundisha kufukia nyasi chini ya ntumba, vile vilima vya udongo vya wazee wetu, zioze zirutubishe shamba. Wenzetu walikuwa wanachoma zao. "Moto ni uvivu," ulisema. "Wewe fukia." Mpaka leo sijawahi kuchoma shamba.

Kila asubuhi ulisimama uani ukanusa hewa. Mwaka ule ulisema mvua itachelewa, na kweli ikachelewa. Kosa lako ndilo hilo tu. Wanakijiji wakasema aliyejua itachelewa ndiye aliyeifunga, wakakuteremsha bondeni na mkeka wako na sufuria moja. Nililia sauti ikakauka. Bado nina hasira nao, shangazi, na wengine ninakaa nao benchi moja kanisani.

Juzi alikuja mtaalamu wa hali ya hewa, dada mmoja mpole, tukakusanyika shuleni. Nilikwenda moyo ukinidunda kwa furaha. Nilijua atakachosema, na nilijiambia leo shangazi anasafishwa mbele ya watu wote.

Alisema vizuri kabisa. Dunia inapata joto, na wanasayansi wa kila bara wamepima, wakabishana, wakakubaliana: ni sisi binadamu. Ni moshi wa makaa ya mawe na mafuta, viwanda, magari, misitu inayokatwa na kuchomwa. Baba Deo, jirani yetu, akasimama.

"Wamekubaliana wote, dada?"

"Karibu wote, baba. Hilo halina ubishi tena."

"Kwamba si kudra, ni watu?"

"Ni watu. Hasa wa nchi tajiri, lakini hata sisi tuna sehemu yetu."

Nikageuka niwaone watu wanavyopokea. Walikuwa wametulia mno. Usidhani hawakuelewa. Baba Deo aliueleza moshi ule upya kwa Kifipa, kwa ajili ya vikongwe, bila kukosea, hata yule dada alipotafsiriwa maneno hayo akafurahi. Kisha akauliza kwa adabu, "Sasa huo moshi wa Ulaya, njia ya kufika Pito umeonyeshwa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Mtaalamu alieleza kwamba hewa ni moja, haina mpaka. Wakamshukuru, wakampa kuku. Gari lake lilipoondoka wao hawakuondoka.

"Tulimpeleka kwenye joto," alisema mama mmoja taratibu, "na sasa analipandisha." Vichwa vikaitikia, hata vya watu waliosoma. Nilisema wewe hujawahi kuwasha hata bua moja la nyasi. Wakanisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mgonjwa.

Sasa wanataka kukufuata huko, wakurudishe uifunge hiyo njia. Ukikubali, umekiri. Ukikataa, sijui watafanya nini, na wao nadhani hawajui. Wanahitaji mtu ambaye utamfungulia mlango bila wasiwasi, wakanichagua mimi. Nilikataa. Basi wote wakageuka wakamtazama mama. Nikakubali.

Tunateremka Jumamosi. Aliyekuletea barua hii ni dereva wa lori la mpunga, mtu wangu wa kuaminika. Panda naye leo hii akirudi mjini, akushushe Katandala kwa wale masista uliokuwa ukiwauzia ulezi. Nimeshaongea nao. Sufuria iache.

Nakupenda, shangazi. Nataka ulijue hilo kabla ya hili la mwisho. Kama lori litakuacha, na Jumamosi ukasikia sauti yangu nje ikikuita kwa jina letu la nyumbani, ikisema niko peke yangu, nimekuletea unga, usijibu. Usifungue.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.