Kadi za Annastella

Safina, shika simu! Nimetoka sasa hivi kwenye kongamano la wajasiriamali hapa Bukoba, mbavu zinaniuma.

Ni Annastella wetu wa Muleba. Na senene wake wa kopo, wale panzi wa kukaanga.

Kachapisha kadi za biashara arobaini, zote zina picha yake. Kamfuata Bwana Awadhi, yule mnunuzi wa Mwanza mwenye maduka makubwa, kamfungulia kopo: "Waitu, ndugu yangu, onja." Mzee akatia mdomoni konzi nzima. Akatafuna. Ulimi ukaanza kuhangaika kwenye meno.

Safina, senene hakuwanyonyoa miguu! Mhaya mzima, kwao ndiko kwa senene! Eti alikuwa anawahi kongamano.

Mwenyewe hana habari, anamwaga maneno ya soko na ushirikiano, akampa kadi kwa mikono miwili. Bwana Awadhi akaikunja pembe, akaanza kuchokonoa meno. Mbele yake! Anachokonoa huku anaitikia, "Endelea mama, nakusikia."

Halafu akamwuliza, "Unayo nyingine?"

Akampa! Anatabasamu! Kadhani ni ya kumpelekea mwenzake. Ikaingia meno ya upande wa pili.

Basi na wengine wote aliokuwa amewaonjesha wakanyoosha mikono, na mimi, na mimi. Akagawa akicheka, mpaka alipoona sura yake imelowa mate juu ya sahani. Ndipo akaelewa. Na akaendelea kugawa, Safina! Angefanya nini?

Kadi zote zimeisha, na hakuna aliyeondoka na hata moja.

Ya mwisho nilimwomba mimi. Mguu ulikuwa umeninasa kwenye gego.