Sijali Hawezi Kuinuka

Baba Kudra,

Uji uko jikoni. Nimekwenda Kibiti kumtafuta bwana mifugo.

Asubuhi Sijali alijaribu kuinuka mara tatu, viungo vikakataa, akajikojolea palepale. Kaka yako Twalibu akasema, "Mbwa mzee huyo, mmalizeni." Nawe ukanyamaza! Mbwa aliyekuokoa na nguruwe shambani, ukanyamaza.

Mkande nyonga kwa kitambaa cha maji ya moto, lakini yasimuunguze. Mlaze juu ya magunia, sakafu ina baridi. Vidonge vyangu vya magoti usimpe, ni sumu kwa mbwa. Najisi utajitwaharisha baadaye.

~~Nisiporudi hadi alasiri, mwite Twalibu~~ Hapana. Nitafika hata Ikwiriri.

Twalibu akija na rungu, kaa mlangoni. Nakuomba, mume wangu, kaa mlangoni.

Mama Kudra