Mwimbaji Amehamia Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Jozi ya spika imekamilika! Kona za makasha nimeziviringa kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, sauti isigonge ncha ikatawanyika. Nikawasha wimbo, nikakaa kitini, nikafumba macho. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati, pale pasipo na spika. Yuko kulia! Kuna mtu amezisogeza. Mke wangu anasema alifagia tu. Alifagia tu...

Jumanne, 4 Machi

Nimezizungushia chaki sakafuni. Pembe sawa, umbali kutoka ukutani sawa – nimepima mara tatu. Chaki haijaguswa, mwimbaji bado kulia. Basi mchawi yumo ndani ya kasha. Na nyaya kafunga nani? Shemeji, kaka wa mke wangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwuliza shemeji uso kwa uso: kile kispika kidogo cha juu, cha kushoto, umenibadilishia? Alicheka. Alipoona sicheki, akafungua makasha yote mawili mbele yangu. Vipya, vya aina moja. Akaweka bisibisi mezani, akasema: Miaka tisa tuko pamoja, shemeji, leo mimi mwizi? Akaondoka. Sikumzuia. Asiye na hatia hanuni hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadilisha: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kosa lingekuwa la spika, mwimbaji angehama nayo. Hakuhama! Basi ni chumba. Nimetoa kabati, nimetoa pazia. Bure.

Halafu mke wangu siku hizi ananong'ona. Mezani hukaa kushoto kwangu, namwona anasema, maneno siyapati. Wananificha nini, yeye na kaka yake?

Ijumaa, 7 Machi

Kesho mwalimu wa kwaya, aliyeniagiza spika hizi, anakuja kusikiliza. Akizikataa, nani tena ataliamini sikio langu?

Nimegeuza kiti, nimezipa spika mgongo. Sasa mwimbaji alipaswa kuwa kushoto. Yuko kulia. Kulia kwangu!

Nimeziba sikio la kulia kwa kidole. Akawa mbali, kama anaimbia nyumba ya jirani. Nimeziba la kushoto. Hakuna kilichobadilika. Nimerudia. Nimerudia tena.

Bisibisi ya shemeji ingali mezani. Naogopa hata kuiangalia.

Mke wangu amesimama mlangoni, kushoto, sijui tangu saa ngapi. Midomo inatembea. Nimeitikia kwa kichwa. Ametabasamu, ameingia ndani kuchukua simu. Sijui nimekubali nini.