Konekta za kauri juu ya pamba ya babu

Jumanne usiku

Na bado sikusema. Nimeshindwa.

Leo fundi alipanda darini kuangalia kwa nini taa ya chumbani kwa babu inacheza. Babu alikuwa msibani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika ngazi. Akaniita nione. Nyaya zimeungwa kwa konekta za kauri za zamani, vikofia vyeupe, na kimoja kimepasuka, kimeungua hadi kuwa cheusi.

"Hizi hazitumiki tena, dada. Mwambie mzee zitolewe zote. Na hii taa msiiwashe kabisa."

Chini yake kuna magunia ya pamba yanayongoja msimu wa kuuza ufunguliwe. Yamekaribia kugusa dari. Babu hulala humo humo, ayalinde.

Mambo ya nyaya kupata moto nayajua kwa Kiingereza, ya kujibia mtihani. Lakini nyaya hizi babu alizifunga mwenyewe ujanani, na kila mgeni huambiwa.

Jioni nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Maneno yote yakaniishia, nikabaki na haya tu: "Babu, nakiogopa chumba chako."

Bibi akacheka. "Msichana wa sekondari anaogopa giza."

"Mwache," babu akasema. "Haya, ng'wanawane, mwanangu, leo taa siizimi. Utaiona hata ukiwa chumbani kwako."

Nikasema asante. Asante!

Sasa anakoroma, mlango kaufunga kwa ndani, na swichi kubwa iko humo. Taa inawaka kwa ajili yangu. Nimekaa kitandani, nanusa hewa.