Nenosiri la Mzee Stanislas

Kampemba, Lubumbashi
Alhamisi, 15 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Nafisa,

Asalaam aleikum. Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa kuchelewa kuandika. Magoti yanakuacha ulale siku hizi? Rachida amekwisha kujifungua? Huku tu wazima wa mwili. Mama anasali, anakula na kunigombeza, kwa hiyo ni mzima kuliko mimi.

Mvua imekatika na baridi ya asubuhi imeanza. Vumbi limerudi mpaka ndani ya sufuria.

Nakuandikia kwa kuwa maji yamenifika shingoni. Miezi yangu ya majaribio pale kliniki inaisha kesho, na kazi sitaipata.

Wewe hunitania kwamba nimesoma miaka yote ile ili nifunge waya. Basi sikia habari za waya. Kliniki imejenga wodi mpya ya wazazi. Kompyuta ikiwashwa huomba anwani, maana bila anwani haizungumzi na nyingine. Anwani hutolewa na seva iliyo jengo la zamani, na katikati kuna firewall, mlinzi wa mlangoni, ambaye haachi ombi lile lipite. Lazima umwelekeze alichukue mwenyewe, alipeleke kwa seva, arudi na jibu. Hiyo ndiyo DHCP relay.

Nimeiweka, Shangazi. Nilizima ugawaji wa anwani wa firewall yenyewe, kwani haikubali kazi zote mbili, nikachagua upande wa wodi, nikaandika seva iko wapi. Maombi niliyaona yakienda. Hakuna jibu lililorudi. Seva haijui kwamba kuna wodi mpya, haijatengewa anwani za kuipa, na nenosiri la kuifungua analo mtu mmoja tu, mkubwa wangu mzee Stanislas, aliyeniingiza kazini.

Kosa ni langu. Mwezi wa kwanza alitaka kuniandikia nenosiri lile kwenye karatasi. Nilikataa kwa adabu. Nilihisi kupokea funguo za mkubwa angali kazini ni kama kumwonyesha mlango. Adabu yangu imeniponza.

Jumapili mke wa mzee, mama Mujinga, alifariki ghafla. Simu ya mzee inashikwa na shemeji zake. Mkurugenzi nilimweleza, akasema hawezi kutuma barua ya kazi kwenye kilio, nijipange mwenyewe. Akaongeza, akinipa mpaka Ijumaa wodi ifanye kazi: "Kama vendredi haiko inatumika, tutatafuta mwengine."

Basi nikaenda kwenye kilio. Tangu Jumatatu nakaa chini ya turubai pamoja na wanaume, naondoka, narudi. Juzi tulizika. Kila siku natoka nyumbani nikijiambia leo nitamuuliza, ni neno moja tu. Nikimwona ameshika kikombe cha chai asichokinywa, narudi nyumbani bila kuuliza. Ninaona aibu, Shangazi. Sikwenda pale kwa ajili ya marehemu.

Leo mchana mzee aliniita nikae karibu yake. Nikasema moyoni, Mungu amefungua. Akanishika mkono, akasema: "Shafi, nakuona kila siku. Bale ba ku kazi balikuya paka siku moja, bakaenda. Weye njo ndugu yangu."

Yaani wenzetu wa kazini walifika siku moja tu, mimi ndiye ndugu yake. Nilisema ndiyo, mzee.

Sasa siwezi tena kumuuliza. Nikifungua mdomo, atajua nilichokuwa nakisubiri siku zote hizi, na hata ndugu huyo mmoja aliyebaki naye nitakuwa nimemnyang'anya. Mama sijamwambia. Ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa.

Nisalimie mjomba Moussa, Rachida na Habiba mdogo. Mwenyezi Mungu akupe nafuu ya magoti na akuhifadhi na mitihani ya aina hii. Ukipata nafasi, mwombee mama Mujinga. Kesho watakapofungua wodi mimi nitakuwa kwenye kilio, na safari hii sina ninachokwenda kukiomba.

Wako akupendaye,
Shafi