Nusu Yangu ya Jubilei

Maretadu, Mbulu
14 Septemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Marko,

Marahaba. Najua shikamoo umeitoa hukohuko Moshi kabla hujafungua bahasha, nami nimeipokea. Hujambo wewe? Shemeji Natalia na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mahindi yameingia ndani, maharage yalikuwa machache, na upepo unatumwagia vumbi kama kila mwaka. Mama anakusalimu sana, na hilo sikulazimika kumkumbusha.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza uanze kunifundisha. Leo usinifundishe. Soma tu.

Unakumbuka tulivyogawana video ya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya wazee. Kupiga nilipiga mimi, kuanzia misa mpaka zawadi ya mtamba. Wewe kwa kuwa una kompyuta kubwa ukaomba kuhariri sherehe, mimi nikabaki na misa. Nilihariri hapahapa nyumbani, baba amekaa pembeni yangu kwenye kigoda, akiniambia, "Giza, ongeza mwanga." Nikaongeza. Nilijiona mwenye bahati, maana baba alikuwa kwangu, hakuwa kwako.

Jumapili baada ya kufika flashi uliyoziunganishia nusu zote mbili, tulikusanyika kwa dada Sara, Dongobesh, kwenye ile televisheni yake. Ikaanza nusu yangu. Marko, niliona aibu! Mama alikuwa mweupe kama ametoka kusaga unga, padri hana pua, kanzu yake na ukuta vimekuwa kitu kimoja. Ikaja nusu yako, kila mtu na rangi yake, mpaka mistari ya shuka la baba inahesabika. Mama akapiga kigelegele, akasema, "Huyu Marko ana mkono." Mkono gani? Aliyesimama juani siku nzima na kamera ni nani? Nakuambia wazi, nilikuonea wivu.

Baba peke yake ndiye aliyenitetea. Alisema mbele ya wote, "Hii ya Tluway ndiyo inayoonekana. Ya Marko ina giza." Watu wakacheka, mimi nikajaa fahari. Wiki nzima nilikuwa nikipalilia bustani nayarudia maneno hayo peke yangu.

Ila moyo haukutulia. Kwanza nilisingizia televisheni ya Sara. Nikapeleka flashi parokiani, kompyuta ya katibu ikatoa weupe uleule. Nikasema basi ni Marko, ameharibu nusu yangu wakati wa kuunganisha. Nisamehe, niliwaambia na majirani. Mwisho nikaigeukia laptopu yangu. Huwa naichaji kwa sola ya jirani yetu Gervasi, kisha nafanya kazi kwa betri, na ikiwa kwenye betri inajipunguzia mwanga wa kioo ili chaji isiishe. Kumbe kioo ndicho kilichokuwa na giza, mimi nikadhani ni video.

Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Nikapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho, nikairudisha misa jinsi ilivyopigwa, mama akapata uso wake. Nikamwita baba aje aone kwamba sasa hata yako haifui dafu.

Akakaa kwenye kigoda, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Bado giza, Tluway. Ongeza."

Nikaongeza kidogo. "Ongeza." Nikaongeza mpaka mama akapotea tena kwenye weupe. Hapo baba akatabasamu. "Hapo sasa," akasema. "Hapo namwona mama yenu."

Kioo nilikuwa nimeshakirekebisha, Marko. Nikakumbuka kwamba jioni haendi tena kuangalia ng'ombe, anasema ni magoti. Nikakumbuka siku alipomwita Gervasi kwa jina la mdogo wake. Kesho yake nilimpeleka Mbulu mjini, daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba huko Moshi wanampasua anaona tena.

Kwa hiyo anakuja kwako, Alhamisi, pamoja na Sara. Mimi siwezi kumwacha mama peke yake na mifugo. Una kompyuta kubwa, una sifa za mama, na sasa nakuletea na baba. Mtetezi wangu alikuwa mmoja, naye alinisifu kwa sababu alikuwa haoni. Halafu siku wakimfungua bandeji, uso wa kwanza utakuwa wako. Inaniuma, sikufichi.

Lakini kuna mambo ninayoyajua mimi, wewe huyajui. Usimshike mkono mbele za watu, atakasirika. Tembea upande wake wa kulia umsemeshe, atafuata sauti. Maziwa mpe yaliyoganda. Na asiambiwe kwamba nusu yangu ilichekwa kwa haki, mwache aamini alinitetea vizuri.

Nisalimie shemeji Natalia na watoto. Shangazi Gaudensia anawasalimu, na Gervasi pia. Mungu awaongoze mikono hao madaktari, akupe na wewe uvumilivu, maana mzee ni mbishi.

Flashi mpya anayo Sara. Misa yote ipo, mama ana uso wake, padri ana pua. Baba akianza kuona, najua utataka kumwonyesha sherehe yako kwenye hicho kioo kikubwa. Nakuomba kama kaka yako, anza na yangu.

Kaka yako akupendaye hata akikuonea wivu,

Tluway