Mtoto wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Julai 1988. Rubondo

Daftari za darasa la pili nimesahihisha. Maharage yako jikoni. Nimerudi kwenye makala ya jarida la Nairobi, jinsi watoto wa kambi hii ya wakimbizi wanavyojifunza kusoma. Kiingereza changu kinachechemea. Nafikiri kwa Kifaransa cha masista wa Bukavu, halafu nabeba sentensi mojamoja kama kuni. Inachosha.

Ukurasa wa tisa haukunihangaisha. Ni wa Riziki, mwanafunzi wangu. Niliandika tu alivyoniambia: kusoma alijifunzia kwenye foleni ya pampu. Kila bido la maji, yale madumu ya plastiki, lina jina la mwenyewe kwa rangi. Ukiyajua majina, unajua nani yuko mbele yako na nani amekuruka. Kwenye bido la kwao aliandika RIZIKI, si jina la baba. Baba alicheka, akaliacha. Makala yote yametoka hapo, kwa mtoto wa miaka tisa. Kwenye ofisi ya kambi wanasema watoto wetu ni wazito wa kuelewa. Wazito!

Tulimzika mwezi wa tano. Malaria ilimpanda kichwani.

Jumatano, 6 Julai

Mama Riziki amekuja kuuliza makaratasi yataenda Nairobi siku gani. Bado ana kitambaa cheusi kichwani. Ndugu zake wanataka aondoe kilio, siku zimepita. Amekataa. Anasema atakivua maneno ya mtoto yakishaondoka.

Nikamwambia mwezi huu. Ningenyamaza.

Ijumaa, 8 Julai. Mbarara

Nimetoka Kaberebere juu ya lori la matoke. Mgongo hauna raha.

Nalongo ananipigia chapa nyuma ya duka la Hajji. Mume wake ni askari wa kambi ya jeshi hapa mjini. Anapiga bila kutazama vidole, huku akigombana na Hajji juu ya kelele za redio. Kwenye ukurasa wa tisa akasimama. Akausoma tena.

“Mwalimu, hii mtoto iko na akili mingi. Iko wapi? Mimi nataka kuona yeye.”

Nikamwambia. Akatoa mikono kwenye mashine. Hajji alikuwa amesikia, akazima redio mwenyewe. Baadaye Nalongo akaendelea, polepole.

Jumamosi, 9 Julai. Mbarara

Mkufunzi Tumwine, anayenisimamia kazi hii, amesoma yote. Amesifu. Kisha akauliza jaribio la pili la Riziki liko wapi.

Ndiyo sheria ya kazi hii. Watoto walipimwa mwanzo, wakapimwa mwisho. Walianza kumi na wawili, wamemaliza kumi na mmoja. Asiye na jaribio la mwisho anatoka kwenye jedwali, na maneno yake yanatoka naye. Tumia maneno ya Fabien, mmoja wa hao kumi na mmoja, ananiambia, amesema jambo lile lile.

Fabien alilisikia kwa Riziki. Wote walilisikia kwa Riziki.

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Hakukasirika. Amenisaidia tangu mwanzo, vitabu vyake viko kitandani kwangu hadi leo. Na anasema kweli. Jarida likiona jedwali lina pengo, litarudisha. Namchukia leo. Kesho nitaona.

Jumapili, 10 Julai

Nimerudi Rubondo. Kanisani sikwenda. Nimemkasirikia Mungu, na anajua.

Jumatatu, 11 Julai

Makala yakirudishwa, ofisi itaendelea kuwaita wazito. Watawaletea vitabu vile vile wasivyovielewa. Hao kumi na mmoja wako hai, kila asubuhi wananiamkia. Nifanyeje?

Nimetoa ukurasa wa tisa. Nimeandika sentensi moja, pale pa kueleza walianza wangapi. Mtoto mmoja alifariki kabla ya jaribio la mwisho. Bila jina. Hata hao kumi na mmoja ni herufi tu, jarida halitaki majina ya watoto. Nimelia hapa barazani mchana kweupe. Majirani wamepita wakinisalimu kwa adabu.

Alhamisi, 14 Julai. Mbarara

Tumwine ameyapitisha makala. Nalongo amepiga chapa upya. Ule ukurasa wa zamani nilitaka kuutupa, akaninyang'anya, akaukunja, akautia kwenye mfuko wangu. Bahasha nimeiacha wazi. Nilimwahidi Mama Riziki atayaona kwanza.

Njia nzima nimewaza. Yule mama hajui kusoma. Nikimwonyesha ukurasa wa tisa, nani atamwambia kwamba hauendi?

Jumapili, 17 Julai. Rubondo

Mama Riziki amekuja baada ya misa, na bido lake tupu. Ukurasa wa tisa ulikuwa tayari mezani. Niliushika, nikaurudisha mfukoni. Nilishindwa. Nikafungua makala yenyewe.

“Nionyeshe fasi iko.”

Nikaweka kidole kwenye ile sentensi moja. Akataka kujua inaanzia wapi na inaishia wapi. Nikamwonyesha. Akalaza kidole chake juu ya sentensi, kikaifunika yote. Akaniambia nisome.

Nikasoma yasiyokuwapo. Foleni, mabido, majina, aliyeruka na aliyerukwa, baba alivyocheka. Mpaka mwisho, kama alivyoyasema. Alisikiliza bila kuinua kidole.

“Ni mingi sana,” akasema, “kwa mustari mudogo hivi.”

Nikatoa ukurasa wa tisa, nikampa. Akautia kifuani. Kisha akafungua kitambaa cheusi, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza. Nywele zimeota mvi. Tukafunga bahasha kwa uji wa muhogo, yeye akashika huku, mimi nikipaka.

Mlangoni akainua bido, akanionyesha. Jina limefutika, imebaki RIZI. Akauliza kama shule ina rangi. Nimemwambia ya bluu imebaki kidogo, aje na bido kesho.